Maneno Kumi na Mawili ya Bi Tusekile

Sogeeni, nina kesi hapa na kuikata mwenyewe kumenishinda.

Tukuyu kuna wanawake watatu washika funguo. Sanduku la kikundi chao cha akiba lina kufuli tatu, halifunguki mpaka wote wawepo. Sekela akisikia kitu hakisahau. Tumpe haogopi. Bupe ukimpa siri, umeizika.

Jirani yao, Bi Tusekile, alikuwa anapofuka. Mwanawe aliye ughaibuni akamtumia sarafu za kidijitali za kulipia upasuaji. Mpwa wake, Lusako, alikagua pochi za simu, yaani programu za kuhifadhia sarafu hizo, mwezi mzima, akiingiza kidogo na kutoa kidogo, mpaka akaridhika na moja. Ikatoa maneno kumi na mawili ya siri: simu ikipotea, bila hayo hela hazirudi.

"Kitu nisichokishika nitakiaminije?" bibi akauliza.

Basi wale watatu wakafanya kama walivyozoea sandukuni. Wakagawana, maneno manne kila mmoja.

Sekela hakuandika, aliyarudia kila alfajiri kabla ya kuwasha moto. Malaria ikampanda kichwani. Alipopona hakumtambua hata mama mkwe wake, lakini maneno yake manne alikuwa nayo.

Tumpe aliandika kwenye karatasi. Nyumba ikaungua. Aliacha vyombo na nguo, akaifuata karatasi motoni. Mkono wake wa kulia haukunjuki tena.

Bupe mumewe alimbana, akidhani maneno manne yanatosha kufungua pochi. "Unipe, au urudi kwenu." Akarudi kwao na watoto wawili.

Siku ya kwenda hospitali, simu ya bibi ikatumbukia chooni! Wakatafuta nyingine, wakaketi, wakataja maneno kwa zamu. Pochi ikafunguka, hela zote zimo. Bibi akapasuliwa, akaona.

Alikuwa ameahidi mtamba wake wa pekee kwa atakayeyaokoa macho yake.

"Shangazi, pochi niliyoichagua haikuibia mtu," Lusako akasema. "Ingekuwa ya matapeli, maneno yangefaa nini?"

"Pochi yako haikuungua, mwanangu," Tumpe akajibu taratibu.

Bupe aliwavuta wanawe wawili karibu. Sekela alimtazama Bupe.

Bi Tusekile aliuona mkono wa Tumpe kwa mara ya kwanza, akalia sana. Kamba ya mtamba angali ameishika, na ng'ombe hai hagawanywi.

Haya, kamba ampe nani? Na mwanawe akituma tena, bibi aamini nini: pochi, au watu? Semeni nyinyi.