Funguo za Ofisi ya Sekela

Sogeeni, na mwenye kazi mkononi asiiweke chini, maana hadithi hii nayo inaanzia kazini.

Sekela alikuwa ameketi kwenye kigoda uani kwake, Uyole, akichambua maharage. Alikuwa amefika nusu ya ungo aliposikia mlango wa chumba cha mbele ukifunguliwa kwa nguvu. Chumba hicho ndicho kilichokuwa ofisi yao. Akatoka mwanawe Lusubilo, miguu mitupu, simu mbili mkononi, zote zinaita.

“Mama, tovuti thelathini na saba hazipo.”

“Hazifunguki?”

“Hazipo. Zimefutwa.”

Sekela alijua papo hapo, kama mtu aliyekwisha panda basi anavyokumbuka kuwa ameacha jiko linawaka. Lakini kilichomtoka mdomoni kilikuwa kingine.

“Labda umeme,” alisema.

Lusubilo alimtazama kidogo, akarudi ndani. Sekela aliinamia ungo wake akaendelea kuchambua, na kwa muda mrefu alikuwa anatupa maharage mazima na kuacha kokoto.

Niwaeleze kwanza kazi ya watu hawa. Tovuti ya mtu lazima ikae mahali, kwenye kompyuta kubwa isiyozimwa, inayoitwa seva. Sekela alikuwa anakodi seva tatu na kuzigawa vyumba vyumba, kama mwenye nyumba ya kupangisha. Wapangaji wake walikuwa shule, zahanati, vyama vya wakulima wa kahawa, fundi mmoja wa majeneza, na chuo cha uuguzi cha masista. Kwa miaka saba aliwaandika wote kwenye daftari moja. Walipozidi mia, daftari likamshinda. Kuna aliyelipa akafungiwa, na kuna ambaye hajalipa tangu mwaka juzi na hakuna aliyekumbuka.

Basi ikabidi watafute mfumo wa kompyuta wa kufanya kazi hiyo, na mifumo hiyo iko ya aina nyingi. Sekela aliwaita wanawe wawili na mkwewe, akawaambia kila mmoja alete mfumo anaouamini. Wangeijaribu yote mitatu kwa wiki tatu, na Ijumaa ya mwisho, kwenye chakula cha jioni, yeye angechagua mmoja, kwa kuwa uwezo wa kulipia miwili haupo. Mwenye mfumo huo ndiye angekabidhiwa funguo za ofisi. “Mimi nimechoka,” alimalizia, na hakuna aliyembishia, kwa sababu miguu yake ilikuwa inavimba na kila mtu alikuwa anaiona.

Watatu hao kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Tusajigwe, kifungua mimba, alikuwa na kipaji cha watu. Akisikia mteja amekohoa tu kwenye simu, anamjua jina, anajua mkataba wake unaisha lini, na kama ni mtu wa kubembelezwa au wa kuambiwa bila kuzunguka. Mfumo alioleta uliitwa Karani. Karani alijua nani ni nani: alituma ankara siku yake, akafungua huduma kwa aliyelipa na kumfungia asiyelipa.

Lusubilo, kitinda mimba, alikuwa na kipaji cha mitambo. Kompyuta ikivuma vibaya alikuwa anasema inaumwa wapi kabla ya kuifungua. Yeye alileta Mnara. Kwenye skrini moja ya Mnara uliziona seva zote tatu, chumba kipi kimejaa na kipi kitupu, na kwa kubonyeza mara moja ungejenga, ungehamisha au ungebomoa. Ankara zake zilikuwa za kubahatisha. “Sawa,” alikuwa anasema, “lakini nyumba ikianguka, hiyo ankara mtampelekea nani?”

Anyisile alikuwa mke wa Ambakisye, mtoto wa kati, ambaye wakati huo alikuwa machimboni Chunya. Kipaji chake kilikuwa uangalifu. Huyu hata gazeti lililofungiwa nyama alilikunja akaliweka. Mfumo wake uliitwa Ghala. Haukujua ankara wala haukujenga chumba. Ulifanya mawili tu: kila jioni ulichukua nakala ya kila kitu, na kila kilichofanywa uliandika saa ngapi na nani. Tusajigwe alimwuliza kama anataka ofisi au stoo.

“Siku mkikosa chumvi mtanijua, wifi,” Anyisile alijibu.

Sasa kosa lilifanyikaje? Sekela alikuwa pia mweka hazina wa kikundi cha kina mama cha mtaani. Huko alikuwa na desturi yake: kabla ya kusoma orodha ya michango, huamka alfajiri akakata kila jina lililoandikwa mara mbili, mtu asije akadaiwa mara mbili mbele za watu. Alikuwa anajivunia desturi hiyo. Na kwa sababu mifumo mitatu ilikuwa inajaribiwa kwa pamoja, kila mteja alionekana mara tatu kwenye kompyuta yake. Jambo hilo lilikuwa linamwasha.

Alfajiri ya Ijumaa ile ya mwisho, maji ya uji yakiwa jikoni, akaamua kusafisha. Alianza na Mnara. Aliona kwamba Mnara ni wa mitambo, majina ya watu ya nini humo? Kila jina alilolibonyeza, mfumo ulimwuliza kama ana hakika. Alikuwa na hakika. Angeweza kumwamsha Lusubilo akamwuliza, lakini kwa miaka saba amewaambia wanawe kwamba anaijua kompyuta, na ukishasema hivyo muda wote huo, kuuliza kunakuwa kugumu. Akafuta thelathini na saba, maji yakachemka, akaenda kukoroga uji. Kumbe kwenye Mnara hakuna jina tupu. Jina ndicho chumba chenyewe. Ukilifuta, umebomoa.

Kufika saa tatu simu zikaanza. Jambo kubwa lilikuwa la masista. Wasichana walikuwa wanajaza fomu za kujiunga na chuo kwenye tovuti, na mwisho wa kupokea fomu ulikuwa siku hiyohiyo, saa kumi alasiri.

Anyisile alifungua Ghala, na nakala za jana jioni zilikuwemo, nzima, fomu za wasichana zote. Bila yeye kusingekuwa na kitu cha kurudisha.

Lakini nakala bila mahali pa kuiweka ni mzigo tu. Lusubilo alikaa mbele ya Mnara tangu saa nne hadi saa tisa bila kula. Akaona kwamba seva ya tatu ilikuwa na nafasi, akajenga upya vyumba thelathini na saba, kimoja kimoja, akiogopa kila kitufe alichokibonyeza. Bila yeye pasingekuwa na pa kurudishia.

Na vyumba vyenyewe vilikuwa namba tupu. Nani anaingia kipi? Tusajigwe alimfungua Karani akawataja wenyewe kwa anwani zao, huku sikio moja likiwa kwenye simu anawatuliza wateja. Mwenye majeneza alitaka kuhama. Tusajigwe alimwambia wateja wake yeye hawana haraka, naye akacheka akabaki. Bila yeye vitu vingerudi, wenyewe wasirudi.

Saa tisa na nusu fomu ya masista ilifunguka.

Ningeishia hapo mngekuwa na swali jepesi. Ila kuna mambo mawili yaliyotokea katikati ya kazi hiyo.

La kwanza: kila mteja aliyepiga simu alitaka kujua ni kosa la nani, na Tusajigwe alikuwa na jibu. “Tusamehe sista, ni mfumo ambao mdogo wangu alikuwa anaujaribu.” Alilisema mara nyingi, kwa sauti yake nzuri. Sekela alikuwa anapita na ndoo, akalisikia. Akapita tena na ufagio, akalisikia.

La pili lilitokea saa nne. Lusubilo aligeuka akamwambia Anyisile, “Shemeji, si Ghala linaandika nani kafanya nini? Tazama nani amefuta.”

Sekela alikuwa mlangoni na sinia ya chai. Alimwona Anyisile akisoma mstari, akausoma tena, kisha akaisogeza skrini taratibu hadi mwanga wa dirisha ukaipiga, isisomeke.

“Halikuandika,” Anyisile alisema, bila kumtazama mtu.

“Basi ni Mnara wenyewe,” alisema Lusubilo kwa sauti ndogo.

Tusajigwe akasema kama hata kuandika haliandiki, basi Ghala nalo ni la kutupa. Anyisile akarudi kwenye nakala zake. Sekela aliweka chai mezani, akauliza nani anataka sukari.

Jioni Lusubilo alimfuata mama yake jikoni. Alisema Mnara asiuhesabu tena. Hawezi kushika funguo za nyumba ambayo mfumo wake umeibomoa. Jumatatu angemfuata kaka yake Chunya, huko wanatafuta fundi wa pampu. Sekela alikuwa anamenya ndizi. Alimwambia ampishe mwanga.

Chakula kikapakuliwa, ndizi na maharage. Hawakuwa wamekula hata nusu Tusajigwe alipotafuna kokoto. Akaitema kiganjani. Punde akatema ya pili.

“Mama, leo ulikuwa unachambua huku unawaza nini?”

Sekela aliweka kijiko chini.

“Ni mimi niliyefuta,” alisema. “Alfajiri, nikisubiri uji. Nilidhani nakata majina yaliyojirudia. Lusu aliponiambia nikajua, nikasema umeme.”

Akamgeukia mkwewe.

“Na wewe ulijua,” alimwambia Anyisile.

“Nilijua, mama. Jina lako limeandikwa. Sikuona namna ya kulisoma mbele ya watoto wako.”

Lusubilo alisimama, akatoka nje.

Ndipo maneno yakaanza. Tusajigwe alisema mfumo unaoweza kubomoa nyumba ya mtu kwa mkono wa mama anayesubiri uji uchemke haufai, hata kama Lusubilo hana kosa. Kutoka nje Lusubilo akajibu kwamba uliuliza, mara thelathini na saba. Tusajigwe akamgeukia Anyisile: kazi ya Ghala ni kusema kweli, na siku ya kwanza kweli ilipotakiwa, mwenyewe ameifunika. Kesho atafunika nini? Anyisile akasema ndiyo, ameifunika, ila wifi yake naye aseme hapa mezani sista na mwenye majeneza wameambiwa kosa ni la nani. Tusajigwe akasema kesho atawapigia wote.

“Wapigie,” alisema Sekela. “Unitaje mimi.”

Alikusanya sahani, akarudisha chakula jikoni kikapate moto, safari hii akitoa kokoto kwa mkono, moja moja. Alipomaliza akapakua upya. Akaenda hadi mlangoni, akamwita Lusubilo mara moja tu, akasubiri. Kijana akaingia akanawa mikono.

Sekela alizitoa funguo kiunoni akaziweka mezani, kati ya sufuria na jagi la maji. Akahesabu: Tusa, Lusu, Anyisile. Akasita kidogo, akajihesabu na mwenyewe. Wanne. Wote wapo.

Chakula kimepakuliwa na Ijumaa ndiyo hiyo. Mmoja aliwatambua wenyewe, lakini alimpa mdogo wake lawama ambayo hakuwa na hakika nayo. Mmoja alijenga upya, kwa chombo kilekile kilichobomoa. Mmoja alitunza kila kitu, akaficha mstari mmoja kwa heshima ya mkwewe, na kufichwa kwa mstari huo kulikuwa kunamwangamiza shemeji yake. Mngemwondoa yeyote kati yao, fomu za wasichana wale zingepotea. Na anayetakiwa kuamua ndiye aliyekosa.

Funguo ziko mezani, na mkono wa Sekela uko juu yake. Ungekuwa wewe ndiye Sekela, ungezisogeza mbele ya sahani ya nani?