Kwa Nini Paka Hucheza na Mfuko wa Majani

Sogeeni karibu, na aliye mlangoni aurudishe. Habari hii ni ya zamani sana, lakini wanaotajwa ndani yake hawako mbali.

Zama hizo paka hawakujua kucheza. Paka alikamata panya, akamla, akajilamba, akakaa. Hata mtoto akimburuzia kamba mbele ya pua, paka alimtazama tu, kisha akageuza uso. Lakini kila siku jua lilipofika utosini, kivuli cha mtu kikajificha chini ya nyayo zake, paka wote waliondoka majumbani. Walipanda mlima mmoja mmoja, bila kulia, hadi kwenye pango ambamo watu wa nchi ile waliwalaza wafu wao. Alasiri walirudi, manyoya yakinukia jani ambalo hakuna aliyelipanda. Ilikuwa harufu kali yenye ubaridi, jamaa ya mnanaa lakini si mnanaa. Watu hawakuuliza. Walisema, "Paka amekwenda kuwasalimu," wakaendelea kutwanga.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Wakesho, msusi wa vikapu. Mumewe alikuwa nyikani na mifugo, kwa hiyo nyumbani walikuwa yeye, mama mkwe wake Bibi Mkamburi, na binti yake Mghoi, ambaye meno ya utoto yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kung'oka. Mdogo wake Wakesho, Mkawasi, alikuwa amefariki kwa homa wakati wa masika. Huyo Mkawasi alikuwa msichana wa vicheko. Hakuweza kumwona Mghoi akipita bila kumkamata na kumtekenya mpaka mtoto aombe aachwe. Alipozikwa, Wakesho alilia hadi sauti ikamkauka. Mghoi hakulia hata kidogo, na mama yake akadhani ni utoto.

Alasiri moja mtoto alirudi nyumbani akimfuata paka wao wa kijivu. Wakesho alimvuta amfute vumbi, akaisikia ile harufu nyweleni mwake.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikwenda na paka," Mghoi akasema. "Mama mdogo amenitekenya."

Jioni ile mtoto hakula. Kesho yake alipanda tena mlimani, akarudi jua limeshainama, na chakula akakisukuma kando kama mtu aliyeandaliwa mawe. Mikono yake ilikuwa ya baridi kama mtungi uliolala na maji. Bibi Mkamburi alimshika kiganja, kisha akamwita Wakesho nje.

"Mkwe wangu, wale hawamchukii. Wanampenda, na hapo ndipo penye hatari. Anayecheza na wafu huacha kusikia njaa, na asiyesikia njaa hana kinachomrudisha nyumbani. Kesho usimwache atoke."

Basi kesho yake Wakesho alifunga mlango kwa komeo, akakaa kusuka huku ameupa mgongo ukuta. Jua lilipofika utosini, Mghoi aliinuka, akaenda mlangoni, akaanza kuukwangua ubao kwa kucha. Hakulia wala hakuomba. Alikwangua polepole, na ubavuni pake paka wa kijivu naye alikuwa akikwangua, wote wawili wakiutazama ubao uleule. Wakesho alimwita kwa jina. Mtoto hakugeuka. Vidole vilipoanza kutoka damu, mama alishindwa kuvumilia. Aliondoa komeo, akawafuata.

Mdomoni pa pango palikuwa na zulia la majani ya harufu ile, ya rangi ya jivu, laini kama sikio la mwanambuzi. Juu yake walilala paka wa kijiji kizima, chali, miguu hewani. Walipiga makofi hewa, walikumbatia hewa, walipiga mateke ya nyuma kwa nguvu. Wakesho alipokaribia aliona manyoya ya matumbo yao yakigawanyika na kulala, yakigawanyika na kulala, kama yanavyofanya vidole vinapopita. Hapakuwa na mkono wowote. Na hapakuwa na sauti, ila kule kukoroma kwa paka kulikoijaza mianya ya mawe.

Mghoi alikuwa amelala katikati yao, macho yamefumbwa, akitabasamu.

Wakesho aliogopa. Lakini kuliko woga, alihisi hasira, ile hasira ya dada mkubwa anayemkuta mdogo wake amechukua kitu bila kuomba. Akasema, "Mkawasi. Huyo ni mwanangu."

Majani yote yaliinama upande wake, na upepo haukuwapo. Kisha mdomo wa Mghoi ukafunguka, ikatoka sauti ya Mkawasi, ileile aliyokuwa nayo kabla ya homa.

"Dada, huku hakuna mchezo. Tunakaa tu. Tunasubiri paka waje."

Hasira ikamtoka Wakesho, akaanza kulia. Alitamani kukaa pale pale, aendelee kuisikia sauti ile. Lakini aliona midomo ya mwanawe imeanza kupauka, akajua kwamba akikaa atampoteza wa pili. Alichana upindo wa kaniki yake, akachuma majani, akayafunga kwa uzi wa mkonge aliokuwa nao kiunoni, yakawa kifuko kidogo cha kujaa kiganjani.

"Usimwite paka aje kwako," akasema. "Njoo wewe kwangu. Nitakiweka hiki sakafuni, na paka akikinusa, njoo ucheze naye mbele ya macho yangu. Harufu ikimwisha paka puani, uondoke. Na mtoto usimguse. Awe mtoto wa mtu au wa paka, usimguse, maana mtoto hajui kurudi."

Alingoja. Mwishowe sauti ikasema, "Utaniwekea kweli, dada?"

"Nitakuwekea."

Mghoi alifumbua macho, akaanza kulia kwamba tumbo linamuuma kwa njaa. Wakesho alimbeba mgongoni akashuka naye mlima, na kilio kile alikisikia kama ngoma ya arusi.

Mtoto aliposhiba akalala, Wakesho alikiweka kifuko sakafuni. Paka wa kijivu alikinusa, akakisugulia shavu, akakikumbatia na kubingirika nacho, akakipiga mateke. Manyoya ya tumbo lake yakagawanyika na kulala. Wakesho alikaa karibu, akanyoosha mkono hewani pale penye vidole visivyoonekana. Alihisi ubaridi tu. Alikuwa ndiyo kwanza anafungua kinywa aseme neno, paka akainuka, akajikung'uta, akaenda zake kama mtu asiyekijua kifuko kile. Mkawasi alikuwa ameondoka. Wakesho alikaa pale mpaka moto ukazimika.

Asubuhi Bibi Mkamburi alikuja na kipande cha nguo kuukuu. "Nishonee na mimi," akasema, akitazama pembeni. "Nina mwanangu kule pangoni." Baada yake wakaja majirani, wanawake kwa wanaume, na mlima ukaacha kupandwa na paka.

Na tangu siku hiyo paka hucheza na mfuko wa majani. Hucheza kidogo tu, kisha huuacha ghafla, maana ndivyo walivyoagana. Kitoto cha paka ukimpa huupita tu, maana hakuna mkono unaothubutu kumgusa. Wako pia paka wazima wasiojali, na hao ni wa nyumba ambazo hazina mfu wa kuja.

Ukimwona paka wako chali, anapiga hewa na kutazama juu ya bega lako, mwache amalize. Usimpokonye mfuko ule kwa mzaha. Hujui ni nani mwingine aliyeushika.