Mtoto Aliyefichwa Stoo

Ndugu zangu, kwanza niungame. Miaka ya nyuma mzee mmoja wa kanisa hili alinijia kuhusu mchumba wa binti yake, nami nikamnong'oneza, "Ukoo ule una watoto wenye selimundu, achana nao." Sikuwashauri vijana wale wakapime. Hata kuwaombea sikuwaombea. Uchumba ukafa, mimi nikaenda zangu kula. Mungu anisamehe.

Sasa sikieni. Kulikuwa na baba mmoja mwenye mabinti wawili. Mkubwa alikuwa amepata mchumba kutoka mji mwingine. Mdogo, wa miaka minane, alikuwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao mtoto huurithi kwa baba na mama, wote wawili, nao wenyewe huenda ni wazima kabisa. Macho yake yalikuwa ya njano, na maumivu ya mifupa yakimshika, mtaa mzima ulimsikia.

Siku wageni walipoleta posa, mama akamwingiza yule mdogo stoo, kwenye magunia ya mkaa.

"Usilie, mwanangu. Wakikusikia watasema damu yetu mbovu, dada yako hataolewa."

"Hata ikiuma sana, mama?"

"Hata ikiuma. Ng'ata khanga."

Sebuleni pilau ikapakuliwa. Mshenga akauliza, "Na humu ndani, mzee, wote wazima?"

"Wazima!" baba akajibu. "Mwanangu ni huyu mmoja tu mnayemwona."

"Maana vijana wenyewe walisema wakapime damu kwanza, siku hizi kipimo kipo..."

Mama wa bwana harusi akamkata kauli. "Kipimo cha nini tena? Mtazame binti alivyonawiri! Mkimpeleka hospitali, madaktari wataacha wagonjwa wamtazame yeye!"

Wakacheka, mambo yakaisha.

Wageni walipoondoka, mama akakimbilia stoo. Mle ndani joto lilikuwa kali, na hakuna aliyekumbuka kumwekea maji. Mtoto alikuwa amejikunja juu ya gunia, khanga ingali kati ya meno. Hakuwa amelia. Na hakuwa hai.

Mama wa bwana harusi akaja msibani. Alipomfunua marehemu uso, akaona njano ya macho yaliyobaki wazi kidogo, akaketi sakafuni.

"Kumbe na ninyi!" akasema. "Jamani, na mimi ninaye kama huyu. Hata sasa nimemfungia nyumbani, msije mkajua."

Akafungua fundo la khanga yake. Ufunguo ukaangukia mkekani.

Ndugu zangu, nani alimuua mtoto yule? Kipimo? Kipimo hakikufanywa. Leo wataalamu wanaisoma damu yetu, wanatuambia watoto wetu wanaweza kurithi nini hata kabla hatujawazaa. Mimi sikusoma sana, sijui watafika wapi. Lakini najijua mimi, na nawajua ninyi. Tutaanza kuulizana nani anafaa kuolewa, kesho nani anafaa kuzaliwa, na waliokwisha kuzaliwa tutawasukumia gizani ili ukoo upate sifa. Vijana wapime, ndiyo, waamue wakijua. Lakini huyu ambaye Mungu amekwisha kumleta mezani kwetu, tunamficha nani asimwone? Mungu?

Kama yupo hapa aliyemwacha mtoto nyumbani kwa aibu, naomba atoke sasa hivi akamlete. Kwaya isiimbe kwanza. Tutamsubiri.