Sindano Moja kwa Nyumba ya Kagwe

Sogeeni. Mwenye mafua akae kule nyuma, lakini atege sikio kuliko wote, maana maneno haya ni yake.

Limuru, upande wa mashamba ya chai, mahali ambapo Julai ukungu huingia jikoni bila kubisha hodi, palikuwa na nyumba ya watu watatu, na kila mmoja na kipawa chake.

Nyakio, mama wa nyumba, alikuwa na vidole. Miaka ishirini na sita amechuma chai, majani mawili na chipukizi, na hajatokea msimamizi wa kulaumu kikapu chake. Kagwe, mumewe, alikuwa na makalio. Msicheke. Alikuwa bawabu wa shule miaka ishirini na miwili, na kukaa mahali pamoja bila kusinzia wala kuondoka ni kazi. Jaribu wewe uone. Binti yao Wanjeri alikuwa na macho. Alisomea actuarial science, hesabu za bima zenyewe, akatoka na second upper, daraja la kujivunia, kisha akarudi nyumbani kusoma maandishi ya pakiti za unga, kwa sababu kazi zilikuwa na wenyewe.

Na kila mmoja alikuwa na sababu ya kuogopa baridi. Nyakio ana pumu. Kagwe, Julai iliyopita, homa ya mafua ilimlaza siku kumi na moja na mpira wa oksijeni puani. Wanjeri alikuwa na mimba ya miezi saba, na muuguzi wa kliniki alimwambia wazi: mafua makali hayamhurumii mjamzito, tafuta chanjo.

Chanjo si ilikuwepo? Kila mwezi mshahara wa Nyakio hukatwa bima kabla haujamfikia mkononi. Kadi ina majina matatu na picha tatu, zote zinatabasamu. Kijitabu cha bima kinasema chanjo ya mafua imelipiwa, nenda duka lolote la dawa lenye kibandiko chetu. Karibu sana. Afya yako ni fahari yetu. Fahari, kweli.

Basi Jumatatu wakaenda. Asubuhi hiyo Nyakio alitazama vidole vyake, vyeusi kwa utomvu wa chai, akaona haya. Hawezi kumpa mtu wa ofisi mkono wa namna ile. Akachukua limau, majivu na jiwe la kusugulia visigino, akasugua mpaka vikawa vyeupe kama vya mke wa meneja. Dukani, mfamasia, kijana anayeitwa Barasa, akamwambia aweke kidole gumba kwenye mashine ya bima, yeye mwenye kadi, maana cha mtegemezi hakikubaliwi. Ikawaka nyekundu. Akaweka cha pili, nyekundu. Vidole kumi, nyekundu kumi. Mistari ambayo chai ilikuwa haijaimaliza, jiwe lilikuwa limeimalizia. Skrini ikasema mwanachama hatambuliki.

Hebu tulieni hapo kidogo. Vidole vilivyoilipia kadi ndivyo ambavyo kadi haivijui. Mtu amejifuta alama akiwachumia watu chai, halafu anaambiwa yeye si yeye.

Nyakio hakupiga kelele. Kesho yake alirudi shambani, kifua kikipiga filimbi, na kesho kutwa vilevile. Kadi ile huishi kwa siku za kazi: asiyechuma huzimwa, na akizimwa yeye wanazimwa wote watatu. Kwa hiyo alichuma akikohoa, siku tatu, kadi ikabaki hai. Huo ndio mchango wake.

Kagwe naye. Barasa alikuwa amewaambia ukweli: kwenye friji zimebaki sindano tatu, nyingine haziji mpaka baridi iishe. Duka si lake, hawezi kukopesha wala kumwekea mtu akiba. Sheria ya tajiri wake ni moja, aliye mbele kwenye foleni ndiye anayehudumiwa kwanza, akiondoka nafasi imeondoka naye. Kagwe akauliza foleni inaanzia wapi. Akaonyeshwa benchi. Akakaa.

Alikaa Jumatatu mpaka duka likafungwa, na Jumanne akawa mlangoni kabla halijafunguliwa. Jumatano akaja bwana mmoja na gari refu, akataka sindano zote tatu, yake, ya mkewe na ya mtoto wao, na pesa taslimu zikiwa zimeshatoka mfukoni. Hakuona mtu mbele yake ila mzee aliyejikunja ndani ya koti la kazi.

“Foleni iko wapi hapa?” akauliza.

“Foleni ni mimi,” akasema Kagwe.

Bwana akaondoka na msonyo. Lakini fikirini benchi lenyewe lilivyokuwa. Kila aliyeingia duka la dawa Julai aliingia akikohoa, na kila mmoja aliketi kando ya mzee mwenye mapafu mabovu, akamkoholea shingoni. Siku nne. Huo ndio mchango wake.

Na Wanjeri? Alikitoa kile kijitabu chini ya kopo la sukari, kurasa arobaini na sita za maandishi madogo kama mayai ya chawa, akakisoma chote. Nani husoma terms and conditions nchi hii? Yeye alisoma. Ukurasa wa thelathini na tisa akakuta kwamba mwanachama ambaye vidole vyake havisomeki kwa sababu ya kazi ana haki ya kutumiwa namba ya siri kwa simu. Akapiga. Akaambiwa please hold, akachezewa kinanda. Akapiga tena. Siku ya tatu dada mmoja mwenye sauti ya asali akamwambia mteja afike Nairobi akasajili vidole upya.

“Dada,” Wanjeri akasema, “asajili vidole gani? Amewaachia ninyi vyote.”

Yule dada akamhamishia kwa msimamizi wake. Wanjeri akamsomea msimamizi ukurasa wa thelathini na tisa, mstari kwa mstari, mkono mmoja kwenye simu na mwingine tumboni, amesimama juu ya kilima chenye mtandao, umande ukimlowesha. Kampuni hiyohiyo ilikuwa imekataa barua zake mbili za kuomba kazi. Alhamisi saa tisa alasiri msimamizi akachoka. Namba itatumwa. Huo ndio mchango wake.

Namba ikaingia saa kumi na nusu, wote watatu wakiwa dukani, Nyakio na kikapu chake mgongoni. Barasa akaiandika. Mashine ikawaka kijani kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Hata Barasa akapiga makofi. Akafungua friji, akatoa sindano tatu, akazipanga kwenye trei.

Halafu akaisoma skrini, akarudi kuisoma tena.

“Mama Wanjeri,” akasema polepole, “wanasema chanjo moja kwa kila familia kwa mwaka. Niweke jina moja. Namba inakufa baada ya dakika kumi.”

Wanjeri akasema hakuna mstari kama huo kwenye kijitabu, amekisoma chote. Barasa akamwambia walibadilisha Januari, wakawaandikia waajiri kwa email. Waajiri! Na mlangoni yule bwana wa gari refu alikuwa amerudi, mkewe amemshika mkono, pesa zimekunjwa vizuri. Sindano moja kwa taslimu ni siku tano za kuchuma za Nyakio, na mfukoni mwao mlikuwa na nauli tu.

“Kadi ni jasho langu,” Nyakio akasema. “Nikianguka shambani inazimwa, na hata hiyo moja hamtaiona tena.”

“Bila mimi hizo sindano zingekuwa Jumatano kwenye mkono wa huyo,” Kagwe akasema, akimwonyesha bwana kwa kidevu. “Na siku nne nimekoholewa. Naona kama homa imeshaanza kuniwasha kifuani.”

Wanjeri alikuwa akilia kwa hasira, si kwa huzuni. “Mimi ndiye niliyewafungulia mlango,” akasema, “na mimi hapa ni wawili.”

Wakatazamana, watu waliokuwa wamelala nyumba moja jana kwa amani. Barasa ameweka vidole juu ya kibodi. Dakika zimebaki tatu.

Sasa ninyi. Msiniambie wagawane, sindano haigawanyiki. Msiniambie wapige kura, kila mmoja atapigia jina lake. Msiniambie Mungu atasaidia, hayumo kwenye orodha ya wategemezi. Bila vidole hakuna kadi, bila makalio hakuna sindano, bila macho hakuna namba. Wewe uliyekaa hapo na pua yako kavu, ungemwambia Barasa aandike jina la nani? Na wale wawili watakaorudi nyumbani kwenye ukungu, ungewatazama usoni ukiwaambia nini? Jibu upesi. Kampuni inasubiri, nayo haikohoi.