Buku na Sehemu ya Pili ya Binti Mfinyanzi

— Hadithi imebisha hodi!
— Ifungulieni, haijala!
— Imekuja na ukweli?
— Ukweli iko nao begani, uongo iko nao tumboni!

Haya, sogeeni. Kwanza tuelewane: haya mimi sikusimuliwa. Niliyaona kwa macho yangu haya mawili. Nilikuwepo, benchi la pili, nyuma ya Twiga, ndiyo maana shingo yangu mpaka leo imekaa upande. Shule niliishia darasa la tano, sikatai, lakini kwa kutazama hakuna profesa anayenifikia. Anayebisha aende Matopeni akaulize nani alikuwa benchi la pili.

Huko Matopeni, basi, palikuwa na banda la video. Mwenye banda ni Mzee Kiboko. Banda lake, mabenchi yake, televisheni yake, na deki yake ile ya kumeza kanda, krrr-tak! Kiingilio boga moja. Huna boga, huingii. Una boga dogo, unarudishwa ukalete kubwa. Maboga yalirundikwa nyuma ya banda, na Mzee Kiboko aliyala peke yake, pasu! mbwata! pasu! mbwata! hata nzi hakumkaribisha.

Aliyeendesha mashine ni Panya Buku. Alikuwa mdogo, lakini mashavu yake! Mnajua panya buku ana mifuko mashavuni ya kubebea chakula. Huyu wetu alibebea sauti. Picha ikisema Kizungu, yeye anapunguza televisheni, anashika kipaza sauti, anaisemea kwa Kiswahili. Sauti ya mfalme inatoka shavu la kulia. Sauti ya bibi kizee, shavu la kushoto. Sauti ya farasi, yote mawili. Na ujira wake? Aliruhusiwa kuishi shimoni chini ya banda, yeye na mkewe na watoto kumi na wawili. Basi.

Kanda nzuri ilikuwa moja tu, katuni ya zamani iitwayo Binti Mfinyanzi. Binti fukara anafinyanga mitungi na mama yake. Mtungi mmoja unaimba. Mwana wa mfalme anausikia, anafuata sauti, anamwona binti, anamposa. Binti anafunga kifurushi chake, anaagana na mama yake mlangoni, na machozi ya mama yanashuka, tiriri, tiriri. Binti anapanda ngazi za kasri, watu wanamrushia maua, mlango mkubwa unafungwa. Gubu!

Hapo Buku hakutumia shavu. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya panya tu: "Wakaishi raha mustarehe."

Kila Ijumaa alasiri ilikuwa hivyo. Mlango gubu, banda zima linanyamaza kidogo, mpaka unasikia Twiga akimeza mate, na mate ya Twiga yana safari. Halafu makofi.

Asiyepiga makofi alikuwa Bi Kanga. Huyu alikaa mbele kabisa, peke yake. Binti yake Kidoa aliolewa ng'ambo ya mto, masika matatu yamepita, na hakuna salamu, hakuna barua, hakuna hata unyoya ulioletwa na upepo. Picha ikiisha, Bi Kanga alimngoja Buku mlangoni.

"Mwanangu Buku."

"Naam, mama."

"Huko ndani, nyuma ya ule mlango, anakula vizuri?"

"Anakula vizuri, mama."

"Na mama mkwe?"

"Mpole kama maziwa."

"Basi nimeshukuru." Na Bi Kanga anaondoka zake, tiki tiki tiki, mabega yamelegea.

Buku hakujua lolote la nyuma ya mlango. Kanda ilikomea pale. Lakini maneno mawili matatu yalimpunguzia nini? Mashavu yalikuwa yamejaa.

Sasa, wanyama wakaanza kupungua. Picha wameshaijua, maboga wakaona wayapike nyumbani. Siku moja, pwaa! pwaa! pwaa! Mzee Kiboko huyo.

"Buku!"

"Naam, mzee."

"Sehemu ya pili iko wapi?"

"Sehemu ya pili ya nini, mzee?"

"Ya Binti Mfinyanzi! Mjini kila picha nzuri ina sehemu ya pili. Wenzetu wamefika ya saba!"

"Mzee, ile iliisha. Mlango ulifungwa."

"Ufunguliwe!"

"Wameshaishi raha mustarehe. Raha mustarehe unaiongezea nini?"

"Unaiongezea boga!" akasema Kiboko. "Sikiliza, wewe kijitu. Ijumaa ijayo nataka sehemu ya pili. Ikikosekana, nitakaa juu ya shimo lako. Sitapiga mtu, sitatukana mtu. Nitakaa tu."

Buku akatazama makalio ya Mzee Kiboko. Akatazama mdomo wa shimo. Akatazama tena makalio. Ndani ya shimo watoto kumi na wawili walikuwa wanaimba.

Jumamosi akafikiri. Jumapili akafikiri. Jumatatu, kwa mawazo, akabonyeza kitufe ambacho si chake. Fwiiiiii! Kanda ikaanza kurudi nyuma, na picha ikabaki kwenye kioo: mistari myeupe inakatiza, sauti hakuna, na watu wote wanakimbia kinyumenyume. Buku akakaa kitako. Shavu la kulia likacheka, la kushoto likalifuata.

Akaenda kwa Kiboko mbio.

"Mzee, sehemu ya pili imepatikana. Ila ina masharti."

"Sema."

"Ni picha nyepesi, pumzi zako zitaitikisa. Wewe kaa mlangoni, pokea maboga, rusha nyuma ya banda. Lakini usigeuke."

"Nikigeuka?"

"Ukigeuka, kila kitu kinarudi kilikotoka."

Kiboko akawaza maboga, akakubali. Na Buku akashuka shimoni kumnong'oneza mkewe: "Mama watoto, chimbeni. Kutoka hapa mpaka chini ya lile rundo, halafu mpaka ng'ambo ya vichaka. Chimbeni na watoto, chimbeni msipumzike."

Ijumaa ikafika. Msitu mzima ulikuja, na waliokuja walikuja na mabinamu. Bi Kanga alikuja na boga kubwa kuliko yote. Hakuweza kulibeba, alilisukuma kwa kifua tangu asubuhi.

"Mwanangu Buku, leo tunaingia nyuma ya mlango?"

Buku akataka kusema kitu. "Tunaingia, mama," akasema.

Krrr-tak! Fwiiiiii!

Mlango mkubwa wa kasri ukafunguka. Banda likasema, "Haaa!"

"Wewe Buku," akaita Nyani, "mbona wanatembea kinyumenyume?"

"Adabu za ikulu hizo! Mfalme hapewi mgongo!"

"Na hii mistari myeupe?"

"Masika."

"Mbona wana haraka?"

"We, ukinyeshewa unatembea kama bwana harusi?"

"Na maua? Mbona yanatoka chini yanaruka mikononi mwa watu?"

"Kwa wafalme ua halipotei, ndugu yangu. Kila mtu anarudishiwa lake."

Wakacheka, wakaridhika. Mimi mwenyewe niliridhika, na mimi si wa kuridhishwa ovyo.

Ndipo Binti Mfinyanzi akashuka ngazi za kasri, kifurushi kichwani. Bi Kanga akasimama. Akasimama mbele ya watu wote, mabawa yamefunguka nusu.

"Anatoka! Buku, anakwenda wapi?"

Sikilizeni. Buku angeweza kusema anakwenda sokoni. Angeweza kusema anakwenda kuoga. Mashavu yake yalikuwa na sehemu elfu za kumpeleka yule binti. Lakini alimwona Bi Kanga, na huruma ikamtangulia akili.

"Anarudi nyumbani," akasema. "Anakwenda kumsalimia mama yake."

Na kwenye kioo, binti akafika mlangoni kwa mama. Na machozi ya mama yakaanza kupanda. Yalitoka kidevuni, yakapita mashavuni, tiriri, tiriri, yakaingia machoni, macho yakakauka.

"Machozi yanarudi," akasema Buku taratibu. "Hayana kazi tena."

Banda likalipuka kwa makofi. Bi Kanga hakungoja mwisho. Alipita katikati ya mabenchi, tikitikitiki, akinikanyaga mguu.

"Niacheni nikafagie! Mtoto atakuta uwanja mchafu!"

Siku hiyo hakumngoja Buku mlangoni. Hakuuliza kuhusu chakula wala mama mkwe.

Nje, Mzee Kiboko alipokea boga la mwisho, akashindwa kuvumilia. Akageuka. Rundo lile pale, kubwa kama kichuguu. Akachukua boga moja, pasu! Tupu. La pili, pasu! Tupu. Yote yametobolewa kwa chini, yamekombwa, na ndani ya kila ganda zimebaki mbegu.

"Buku! Maboga yangu!"

"Mzee, uligeuka?"

"Nimegeuka!"

"Ah, mzee! Si nilikwambia? Yamerudi yalikotoka. Yamekuwa mbegu."

Kiboko akazitazama mbegu. Kichwa chake kikafanya kazi, polepole, ngri, ngri, mpaka kikafika.

"Nakaa!" akanguruma. "Leo nakaa!" Akaingia ndani, watu wakaruka madirishani, akageuza makalio, akakaa juu ya shimo. Gubudu! Ardhi yote ile ilikuwa imechimbwa. Mzee Kiboko akazama mpaka makwapani. Kwapani akakwama. Na banda, lililokuwa limeegemea hapo, likamfuata: paa, televisheni, deki, pwaraaa! Mke wa Buku na watoto walikuwa wameshatokea ng'ambo ya vichaka zamani, wanakula.

Kiboko alikaa mle mpaka masika yalipokuja kumlainisha. Kila apitaye alimsalimu, "Shikamoo mzee, sehemu ya tatu lini?"

Ngano nyingine ingeishia hapo, tukapiga vigelegele, tukaenda kula. Hii haikutaka kuishia hapo.

Asubuhi iliyofuata ile Ijumaa, Buku alifukua kifusi. Kanda aliiona juu ya mti wa miiba, kule mtoni. Ule utepe wake mweusi ulikuwa umetoka wote, umezungushwa na upepo kwenye matawi, unalia fwii, fwii. Hakuna deki ya kuumeza tena.

Wanyama wakamwambia, usihuzunike, si unayo mashavuni? Tusimulie kwa mdomo, ile ya kwanza, ile tamu. Akakubali. Akakaa, akaanza: mtungi ukaimba, mwana wa mfalme akausikia, kifurushi kichwani, maua, mlango gubu...

"Halafu anatoka kinyumenyume!" akapiga kelele Nyani.

"Anakimbia mvua!" akasema mwingine. Wakaanguka kwa kicheko.

Buku akangoja ule ukimya wa zamani. Haukuja. Akasema, "Wakaishi raha mustarehe," nayo ikamezwa na vicheko vyao. Siku ya pili akajaribu tena, ikawa vilevile. Ile ya kwanza ilikuwa imeharibika, hata mahali ambapo yeye hakuigusa. Siku ya tatu hakusimulia.

Na kila siku, akipita njia ya mtoni, alisikia ufagio. Chwa, chwa, chwa. Bi Kanga anafagia uwanja. Chungu kiko jikoni, mkeka umetandikwa, macho yako njiani. Hatoki kwake hata kwenda kisimani kwa muda mrefu, asije Kidoa akafika akakuta nyumba haina mtu.

Mwisho Buku akashindwa. Akaingia uwanjani, mashavu yamenywea.

"Hodi, mama."

"Karibu mwanangu. Kanyaga pembeni, nimefagia."

"Mama, ile sehemu ya pili. Haikuwa sehemu ya pili. Ni ileile ya kwanza, niliirudisha nyuma tu. Binti hakurudi. Alikuwa anaondoka."

Bi Kanga akaendelea kufagia, chwa, chwa.

"Nilijua," akasema. "Nilijua pale machozi yalipopanda. Yangu hayajapanda hata siku moja. Lakini nikasema, mimi najua nini? Labda kwenye sehemu ya pili hupanda."

Buku akainama, akaokota jani lililoanguka uwanjani.

"Basi mwanangu, irudishe mbele," akasema Bi Kanga. "Nimwone anavyoondoka vizuri, na kifurushi chake. Mlango ufungwe. Hiyo ilinitosha."

Buku akatazama mtoni, kule kwenye mti wa miiba. Utepe ulikuwa unalia fwii, fwii. Akachukua ufagio wa pili, akaanzia upande wa pili wa uwanja.

Basi, funzo mmelipata. Kama hamkulipata, nawapa: picha nzuri ikiisha, msiiache peke yake, itakuwa mpweke, itafutieni sehemu ya pili haraka. Pia, boga hulindwa kwa kuligeuzia mgongo. Na mwenye mashavu makubwa aseme kila alichonacho, maneno hayadhuru mtu.

— Hadithi inaaga!
— Isindikizeni mpaka njia panda!
— Imesahau nini?
— Haikusahau, msimuliaji kaficha!

Ah, ninyi! Haya, nimeficha kimoja. Banda nililiona, maboga niliyaona, machozi yakipanda niliyaona kama ninavyowaona. Lakini Buku hakuingia kwa Bi Kanga. Alifika kwenye uzio, akasikia ufagio, akasimama pale kitambo, akageuka. Kile kisa cha hodi na ufagio wa pili nimemtungia mimi. Hiyo ndiyo sehemu ya pili yangu.