Amina ya Mbweha

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kwa kishindo. Kishindo hunitia shaka mimi, lakini haya, kaeni tusikilizane.

Zamani, zamani sana, wanyama wa bondeni walikuwa na kanisa lao. Mchungaji alikuwa Hondohondo, mwenye mdomo mkubwa na sauti kubwa kuliko mdomo. Kila Jumapili ngoma zilinguruma, tim! tim! tim! Wakaimba, wakaruka, vumbi likatimka. Wakitoka wanasema, "Leo ibada ilikuwa moto." Ukiwauliza wamefundishwa nini, wanatazamana.

Siku moja akaja Mbweha, mgeni. Akakaa mbele. Hondohondo akisema neno, Mbweha anaitikia, "Aaaamina!" Majani yanatikisika. "Huyu ameokoka kweli," akasema Hondohondo. Nani alimchunguza? Hakuna. Wakamfanya mzee wa kanisa.

Kanisa lile lilikuwa na desturi. Mwenye mgonjwa alisimama, akamtaja, akaeleza na mahali alipolala, ili ndugu wakamtazame. Ndugu waliomba kwa kelele. Kwenda kumtazama, hawakwenda. Jua kali, njia ndefu, na kuruka kumewachosha.

Sungura akaugua homa. Akatajwa, wakaomba. Mbweha akatoa machozi. Jumapili ya pili Mbweha akasimama. "Wapendwa, Sungura ameitwa nyumbani." Wakaimba. Kanga akavunjika bawa. Akatajwa, wakaomba. Naye akaitwa nyumbani. Wakaimba tena.

Aliyeshtuka ni Nungunungu. Huyu alikaa nyuma peke yake, maana akipiga makofi miiba yake inachoma majirani. Walisema hana Roho. Lakini ndiye aliyempelekea Kanga maji. Akakuta manyoya, na nyayo zenye kucha. Akazitazama sana.

Basi mtoto wa Paa akavunjika mguu. Paa alikuwa mjane, na mtoto huyo ndiye wake wa pekee.

"Nitamtaja Jumapili," akamwambia Nungunungu, jirani yake.

"Mtaje, mama. Ila kwanza mlete shimoni kwangu. Useme yuko huko."

Paa akamwangalia kwa wasiwasi. "Nawe nitakuamini vipi?"

"Tangu mumeo afe, nani anakuletea mizizi?"

Paa akafikiri. Akamleta mtoto.

Jumapili akasimama, akataja jina, akataja shimo. Wote wakafumba macho, wakaomba kwa kelele. Paa hakufumba. Akamwona mzee wa kanisa anatoka, nya, nya, nya, hata baraka haijatolewa. Paa akamfuata.

Mbweha akafika shimoni. Akaingiza kichwa. Nungunungu alikuwa mlangoni, amempa mgongo. Chwa! Miiba ikajaa puani. Mbweha akakimbia akilia, wala bonde lile hakulikanyaga tena. Paa akaingia, akamkuta mwanawe salama, akalia kwa furaha.

Kisha akarudi kanisani. Walikuwa bado wanaruka. Akapita mbele, akawaeleza yote.

"Sungura mlimwombea," akasema. "Kanga mlimwombea. Nani kati yenu alikwenda kumwona?"

Hondohondo akakohoa. "Tumwimbie Bwana, wapendwa."

Tim! tim! tim! Wakaimba wimbo wote, beti zote sita. Ulipokwisha, Hondohondo akauliza kama ilivyo desturi, "Nani ana mgonjwa nyumbani, tumwombee?"

Kima alikuwa na mama yake kitandani. Digidigi alikuwa na mapacha wenye homa. Wakatazama chini. Hakusimama hata mmoja.

Wanangu, nanyi wazazi wao, sikieni. Imani haipimwi kwa kelele za Amina, hupimwa kwa miguu iendayo kwa mgonjwa. Anayekuombea kwa sauti kubwa na mlango wako haujui, mchunguze. Anayeujua na hajawahi kukuletea hata maji, mchunguze zaidi.

Hadithi yangu imekomea hapo.