Msemo wa Mama Kibibi

Siku hiyo ofisini walikuwepo Dakta Mbwiliza, mhariri mkuu wa ensaiklopidia; Semeni, karani aliyeandika kila neno la kikao; na Kibibi, muuza vitumbua.

Kibibi alitaka msemo wa marehemu mama yake uingie kitabuni: "Tumbo kwanza, hoja baadaye." Mama huyo aliwaambia hivyo watoto wenye njaa huku akiwapa kitumbua, na sasa mji mzima uliusema.

"Maneno ya sokoni hayo, mama," alisema Dakta. "Niletee msomi mmoja aliyeyatumia katika maandishi rasmi."

"Sawa, baba." Kibibi akafunua sinia. Iliki ikanukia chumba kizima. Dakta akanyoosha mkono, Kibibi akalivuta sinia.

"Ngoja nikueleze kwanza. Hoja ya kwanza..."

Alipofika hoja ya tisa, Dakta akapiga meza. "Aa, Kibibi nawe! Tumbo kwanza, hoja baadaye!"

Akala vinne. Semeni akamletea muhtasari wa kikao, naye akautia sahihi kwa vidole vya mafuta.

"Ahsante, baba," alisema Kibibi. "Msomi nimempata, na maandishi rasmi ndiyo hayo."

Dakta alicheka mpaka akapaliwa, Kibibi akampa maji.

Msemo huo uko ukurasa wa mia nne na kumi, pamoja na jina la mama yake.